Kasino ya Mama Koki

Askari wawili walioingia chumba cha mbele cha nyumba ya Wakesho Jumatatu alasiri walikuwa wanatafuta tundu la kuingizia shilingi. Yule mrefu aliipindua mashine, waya zikiwa bado zimechomekwa, akapapasa pembeni kwa kidole gumba, akaisogeza karibu na mwanga wa mlango. Kwa siku kadhaa walikuwa wamezunguka Voi wakikamata mashine za kamari katika vibanda na nyuma ya maduka, na kila mashine ilikuwa na tundu lake mbele, linalong'aa kwa kuguswaguswa. Hii haikuwa na tundu.

"Shilingi inaingilia wapi?" aliuliza.

"Haina pa kuingilia," Wakesho alisema. "Hii ni gemu, afande. Inatumia stima tu."

"Hata zile zingine zinatumia stima."

Hilo lilikuwa kweli. Vijana wanne waliokuwa wakicheza walibaki kwenye benchi, macho kwenye televisheni. Kwenye kioo kulikuwa na ukumbi wenye taa nyekundu, meza za kijani na gurudumu kubwa la rangi nyingi. Fisi aliyevaa tai ya kipepeo alikuwa anainama na kuinuka, akimngoja mchezaji azungushe gurudumu. Juu ya kichwa cha fisi kulikuwa na neno moja la taa, na askari wa pili alilisoma polepole, kama mtu anayesoma hukumu: kasino.

"Imejiandika yenyewe," alisema.

Mzee Nzioka, mzee wa mtaa, alikuwa amesimama mlangoni. Ndiye aliyewaleta. Alikuwa amekula katika nyumba hiyo mara nyingi, na kwa hiyo alitazama sakafu. Alimwambia Wakesho awaache wachukue kwanza, mengine yangezungumzwa. Alipoulizwa yangezungumzwa lini, alisema kabla ya Ijumaa, kwa sababu Ijumaa mashine zote zingechomwa uwanjani mbele ya wananchi.

Walichukua mashine na televisheni. Padi nne za kushikia mkononi waliziacha kwenye benchi, kwa kuwa hawakujua kwamba nazo ni sehemu ya mchezo. Mmoja wa vijana aliendelea kuibonyeza yake kwa muda, ingawa mbele yake palibaki ukuta.

Muasya, mume wa Wakesho, alirudi jioni kutoka Mwatate, alikokwenda kuulizia kazi. Alikuwa fundi mwashi, na nyumba aliyokuwa akiijenga huko ilikuwa imesimama kwenye linta, juu tu ya madirisha, mwenye nyumba akingoja mkopo. Tangu isimame, chumba kile cha mbele ndicho kilichowalisha, kikalipa kodi, kikamlipia mtoto wao, Koki, chakula cha mchana shuleni. Muasya alijua hivyo. Hakuwahi kujua zaidi ya hapo, kwa sababu hakuwahi kuketi humo mchezo mmoja ukaisha. Kelele zilimchosha.

Alikuwa pia shemasi. Mwezi uliopita, mashine za kwanza zilipochomwa, yeye ndiye aliyeombwa kutoa sala kabla ya moto kuwashwa, na sala yake ilisifiwa.

Wakesho alimweleza yaliyotokea huku akiosha vyombo. Muasya alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo mkewe hakulitarajia.

"Kwa hiyo kasino iko?"

"Iko ndani ya gemu, Baba Koki. Ni kama ramani. Kuna ramani ya msitu, kuna ya meli, kuna ya barafu. Kuna na hiyo ya kasino."

"Na watu wanaingia."

"Wanyama ndio wanaingia. Kuku, nungunungu, mamba, punda. Mtu anachagua mnyama wake, anarusha dadu, mnyama anatembea."

"Anaingia kasino kufanya nini?"

"Anaweka sarafu zake, fisi anazungusha gurudumu. Zinaongezeka ama zinaliwa. Hata nyota za ushindi zinaliwa."

"Sarafu za nani?"

"Za gemu."

"Na zikiisha?"

"Gemu ikianza tena, zinaanza tena."

Muasya alifikiri. Kila jibu lilikuwa wazi peke yake, lakini yakiwekwa pamoja hayakushikana. Alielewa kamari: mtu anatoa shilingi yake, inapotea, watoto wanalala njaa. Alielewa pia mchezo wa watoto, ambao haupotezi kitu. Hakuelewa kwa nini watu wazima, waendesha boda na vijana wa mjengo, walipe ili wapoteze sarafu ambazo hazipo. Alimwuliza Wakesho kwa nini hawachezi ile ya msitu.

"Ya msitu hawaipendi."

"Kwa nini?"

Wakesho aliinua mabega akasema watu wana mambo yao.

Kesho yake Muasya alikwenda sokoni kwa Mbula, muuza mboga, mwimbaji wa kwaya kanisani kwao. Nzioka alikuwa amemdokezea kwamba ripoti ilitoka kwake. Mbula hakukana. Alisema alimpigia simu mwanawe, Sylus, anayeendesha boda, akamwuliza yuko wapi, na kijana akamjibu, "Niko kasino kwa Mama Koki, nimebanwa." Jioni hiyo Sylus alirudi nyumbani mikono mitupu, ingawa alikuwa amebeba abiria tangu asubuhi.

"Sasa wewe ungekuwa mimi ungefanya nini, Shemasi?" Mbula aliuliza. "Ungenyamaza?"

Muasya alianza kumweleza habari za kuku na nungunungu. Wanawake wawili wa kwaya waliokuwa wakichagua sukuma waliacha kuchagua. Alipofika kwa punda alijisikia anavyosikika, akakatiza, akaomba nyanya za shilingi hamsini.

Mbula alizifunga, akaongeza mbili juu, akampa. Muasya aliponyoosha noti, hakuipokea.

"Nenda nazo tu. Pesa yenyewe sijui imetoka wapi. Nyanya nimezitoa sadaka."

Muasya aliiweka noti juu ya gunia la viazi. Mbula aliichukua kwa ncha za vidole, akamrudishia kwenye mfuko wa shati, taratibu, kama mama anayemfunga mtoto kifungo. Wanawake wale walirudia sukuma zao. Muasya aliondoka na nyanya pamoja na pesa, na njia nzima mpaka relini hakuweza kuamua kama amesaidiwa au ametukanwa. Akiwa bado njiani, mchungaji alimpigia simu. Kwa upole alimwomba Jumapili hiyo apumzike kidogo kuhudumu kwenye meza ya Bwana, mpaka mambo yaeleweke.

Kutoka hapo alipita ofisini kwa naibu chifu, bado na mfuko wa nyanya mkononi.

Naibu chifu aliitwa Gertrude, na kabla ya kazi hiyo alikuwa mwalimu wa hesabu. Hakumkaribisha aketi, si kwa dharau, bali kwa sababu kiti cha wageni kilikuwa kimebeba mashine moja ya kamari. Nyingine zilirundikwa pembeni, na juu ya rundo ndipo ilipokaa mashine ya Wakesho, ndogo, nyeusi, safi kuliko zote. Televisheni ilikuwa imeegemezwa ukutani.

Muasya alisema amekuja kueleza kwamba pale kwake hapachezwi kamari.

"Wewe umeuona mchezo wenyewe, mwanzo mpaka mwisho?" Gertrude aliuliza.

"Hapana, madam."

"Sasa unatetea nini?"

"Namtetea mke wangu."

"Huyo sijamshika. Nimeshika mashine." Alimtazama kidogo, kisha akapunguza sauti. "Baba Koki, mimi pia sijauona. Nimeletewa kitu kimeandikwa kasino, na mama mtu mzima analia hapa kwamba mwanawe anamalizikia huko. Nikikirudisha bila kukijua, nitaulizwa. Nikikichoma bila kukijua, nitaulizwa na Mungu. Alhamisi mje wote, na yule kijana wa Mbula aje. Mtanionyesha. Mtu akicheza asipoteze kitu, mtabeba vitu vyenu. Akipoteza, vitakaa pale na hizo zingine."

Muasya aliona kwamba ni haki. Alimshukuru. Alipofika nyumbani alimwambia Wakesho kwamba mambo yameisha, maana hakuna anayepoteza kitu. Wakesho alizitazama nyanya, akauliza amenunua za bei gani.

Alhamisi asubuhi televisheni iliwekwa juu ya meza ya naibu chifu, mihuri na makaratasi vikasukumwa kando. Wakesho alichomeka waya bila kuangalia mikono yake. Wachezaji walikuwa wanne: Gertrude mwenyewe, Mzee Nzioka, Muasya, na Sylus, kijana wa miaka ishirini na minne aliyekuja na koti lake la boda na uso wa mtu aliyeitwa shuleni pamoja na mzazi. Mama yake aliketi nyuma yake, kwenye ndoo iliyogeuzwa. Askari mrefu alisimama mlangoni.

Gertrude alichagua kuku. Nzioka alitaka nungunungu. Sylus alichukua mamba bila kuuliza, na Muasya, ambaye hakuwa na haraka, akabakiwa na punda.

Wakesho aliuliza kama aweke ramani ya msitu, kwa kuwa ni rahisi. Gertrude alisema kilichokamatwa si msitu.

Mwanzoni hakuna aliyeelewa kitu. Nzioka alibonyeza padi kwa nguvu, huku akiiinua kichwani kila nungunungu aliporuka. Gertrude aliuliza maana ya kila alama kabla ya kuigusa. Muasya alikuwa ameazimia jambo moja: punda wake hataingia kwa fisi. Palipokuwa na njia mbili alichagua ya nje, iliyozunguka ukumbi, nayo haikuwa na sarafu. Wengine walikusanya, yeye alizunguka. Ilipofika zamu yake tena dadu ilisimama kwenye sita, na njia ya nje ikawa imekwisha. Punda aliingia mlangoni mwenyewe, akavua kofia, akamsalimu fisi.

"Siingii," Muasya alisema.

"Umeshaingia, Shemasi," Sylus alisema.

"Nitoe."

"Kutoka ni mpaka uweke kitu. Weka hata kimoja."

Muasya alimtazama mkewe. Wakesho alimwambia abonyeze kile cha kulia. Alibonyeza. Gurudumu lilizunguka, fisi akapiga makofi, na punda aliyeingia na sarafu tatu akatoka na nyota mbili. Hakuna mwingine aliyekuwa na nyota hata moja. Nzioka alimpongeza kwa Kikamba, akamsukuma bega. Muasya alitabasamu kabla hajajua kwamba anatabasamu, kisha akalifuta tabasamu lile, na askari wa mlangoni, ambaye sasa alikuwa amesogea mpaka nyuma ya viti, alicheka.

Waliendelea. Kuku wa naibu chifu, ambaye alikuwa amecheza kwa hesabu nzuri tangu mwanzo, aliliwa sarafu zote kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Gertrude alisema hiyo si haki, akajisahihisha, akasema ameelewa. Mamba wa Sylus aliingia mara tatu akaliwa mara tatu. Mchezo ulipokwisha, punda alisimama juu ya jukwaa katikati ya fataki, nungunungu wa pili, kuku wa tatu. Mamba alilala kifudifudi chini ya jukwaa.

Gertrude aliweka padi chini.

"Haya. Mimi nilikuwa na sarafu nyingi, sasa sina. Nimepoteza nini?"

"Hakuna, madam," Muasya alisema.

"Na mimi sioni," Gertrude alisema. Alimgeukia Mbula. "Wewe unaona?"

Mbula alisema macho yake yanaona kuku tu. Akasema labda alikosea, ila mwanawe alirudi mikono mitupu, na hilo hakukosea. Gertrude alikubali kwamba ni jambo la kujibiwa. Alimwambia Sylus asimame.

"Wewe umekuwa wa mwisho. Pale kwa Mama Koki, ukiwa wa mwisho hivi, unapoteza nini?"

Sylus hakuona hatari katika swali hilo. Alijibu kama mtu anayeulizwa jua linatokea wapi.

"Si nalipa."

"Unalipa nini?"

"Gemu. Wa mwisho ndiye analipia wote wanne. Mbao kila kichwa, ishirini, wote ni themanini." Aliona nyuso, akaongeza ili kusaidia: "Si Mama Koki anatuambia. Ni sisi. Kila mahali ni hivyo, hata pool. Aliyepigwa analipa."

Fisi aliendelea kuinama na kuinuka kwenye kioo. Muasya alimtazama mkewe, na Wakesho alirudisha macho bila woga na bila aibu, akiwa amekunja uso kidogo, kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakutaja kwamba chumba kina mlango.

"Ulijua?" Muasya aliuliza.

"Nijue nini? Mimi nadai themanini. Anayetoa simwangalii."

"Ndiyo maana hawataki ya msitu?"

Sylus ndiye aliyejibu. Alisema kwenye msitu fundi anashinda kila siku, na mbaya, asiyejua kucheza, analipa kila siku, kwa hiyo wabaya hukimbia. Kwenye kasino hata mbaya anaweza kuamka. Yeye mwenyewe alikuwa mbaya, lakini kuna siku alikuwa amecheza kutwa bila kutoa shilingi. Siku ile mama yake alipompigia simu ndiyo iliyokuwa mbovu.

Mbula alisema, "Si nilisema," lakini bila ushindi.

Gertrude alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Alisema kwamba kama kila mtu angelipa yake, angekuwa ameshafunga mjadala. Lakini mtu akitoa themanini kwa sababu gurudumu limemkataa, na mwingine asitoe kitu kwa sababu gurudumu limempenda, yeye hajui jambo hilo aliite nini. Nzioka alisema kwamba kwa mtindo huo hata drafti ya pale steji ya boda ni kamari, maana anayeshindwa hununua soda. Askari alisema drafti haina bahati. Nzioka alisema askari hajamwona yeye akicheza. Walibishana hivyo kwa muda, kila mmoja akiwa na mfano, na kila mfano ukafanana na mwingine.

"Baba Koki," Gertrude alisema mwishowe, "wewe ni shemasi, na leo umeona mwanzo mpaka mwisho. Nakuuliza wewe. Kama si kamari, beba vitu uende. Kama ni kamari, viache hapo. Nitaandika ulivyosema."

Ilikuwa njia ya kumwachia. Wote waliielewa hivyo. Hata Mbula aliinamisha kichwa, tayari kusamehe. Neno moja lilitosha.

Muasya alifikiria soda. Pale Mwatate, wakati wa mapumziko ya mjengo, walicheza drafti kwa visoda juu ya kipande cha mbao, na yeye, aliyekuwa hodari, alikunywa soda za wenzake muda wote wa kazi ile. Hakuwahi kuziombea toba. Alifikiria pia nyota mbili za punda, na jinsi zilivyomfurahisha, na kwamba Sylus alilala chini ya jukwaa wakati huohuo.

"Sijui," alisema.

"Hujui?"

"Nilipoingia hapa nilijua, madam. Sasa hivi nikisema ndiyo nitakuwa nasema uongo, na nikisema hapana pia."

Gertrude alishika kalamu bila kuandika. Alimgeukia Nzioka, lakini Nzioka alikuwa anatafuta kitufe cha kuanza upya. Askari alimtazama Gertrude ili aambiwe afanye nini, na Gertrude alimtazama Muasya, akingoja aendelee, kwa sababu ilikuwa vigumu kuamini kwamba jibu lile ndilo lote.

Katika kungoja huko Wakesho alichomoa waya. Kioo kilizimika. Alizungusha waya kwenye mkono wake, akazichukua padi, ya Nzioka akaitoa vidoleni mwake kwa heshima, akasema, "Samahani, mzee," akaviweka vyote pamoja na mashine ndani ya kiondo. Alifanya hivyo kama anavyofunga chumba chake kila jioni. Kisha akatundika kiondo begani, akaenda upande wa pili wa meza, akaingiza vidole chini ya televisheni.

"Shika upande wako," alimwambia mumewe.

"Mama Koki, wamesema..."

"Wamekuuliza. Umemaliza kujibu. Shika, itaanguka."

Muasya alishika, kwa kuwa ilikuwa kweli ingeanguka. Wakesho alisukuma, na yeye ikambidi arudi kinyumenyume, akipapasa sakafu kwa visigino. Askari alisogea awapishe, kisha akaonekana kushangaa kwamba amesogea. Walipita mashine zilizorundikwa, wakapita Mbula kwenye ndoo yake, ambaye aliinua mguu ili wasimkanyage, wakafika mlangoni, ambako jua lilimwangukia Muasya mgongoni.

Naibu chifu aliita jina lake mara moja, kwa sauti isiyo ya hasira, kama mwalimu anayetaka kuuliza swali moja zaidi. Muasya alitaka kusimama aitike. Lakini Wakesho alikuwa bado anakuja mbele, televisheni ikiwa kati yao, na kizingiti kilikuwa tayari chini ya mguu wake.